Kambare wa Lambo la Salu

Katika nyumba ya mama mkwe wangu Mhoja, kambare hakuliwa wala hakupitishwa mlangoni, hata kama ni wa jirani anayepita tu kuomba moto. Niliambiwa hivyo siku ya tatu baada ya kuolewa, na mimi nimetoka kwa watu wanaokula kambare mpaka wanafyonza kichwa. Nikauliza kwa nini. Mume wangu Mahona akatazama chini. Mama mkwe ndiye aliyenijibu, huku akipepeta mtama, bila kuinua uso.

"Kwa sababu walimla mwanangu," alisema.

Mwana huyo aliitwa Salu. Alikuwa mdogo wake Mahona, mtoto wa miaka saba, akafa maji katika lambo lililochimbwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya ng'ombe, chini kidogo ya mji wao. Walimpata siku ya tatu. Wazee wakamfunga kwenye ngozi ya ndama palepale ukingoni na hawakumruhusu mama yake amwone. Aliomba amwone hata mguu tu, wakakataa. Mtu aliyekatazwa kumwona mwanawe hahitaji kuelezwa kwa nini, na kambare anakula chochote anachokikuta kwenye maji. Tangu siku hiyo majirani waliendelea kuvua lamboni, lakini nyumba ya Mhoja haikumgusa kambare tena.

Nilipojifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la Salu. Ndivyo tunavyofanya Usukumani, jina la marehemu linarudishwa kwenye ukoo ili lisipotee. Sikuwa na neno. Mtoto alikuwa mzuri, mnene, mwenye kelele, akiniita mimi Mayu, yaani mama, na Mhoja akimwita Bibi. Nilidhani jina ni jina tu. Nilikuwa mjinga, lakini ujinga wenyewe ulikuwa wa raha.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa saba, tulihamishwa. Sitaki kulieleza sana jambo hilo, kila mtu wa umri wangu analo la kwake. Lilikuja lori na mgambo, tukaambiwa tutakaa pamoja kijiji kimoja, karibu na shule na zahanati zitakazojengwa. Mahona alishusha paa la nyumba yetu kwa mikono yake ili asishushiwe. Tukaacha zizi, tukaacha ua wa minyaa, tukaacha kaburi la Salu. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka lamboni, upande wa barabara ya Maswa, nyumba zimepangwa mistari kama viazi. Mhoja alipanda lorini amekumbatia kitambaa alichofungia kibuyu kidogo cha kunywea maji kilichokuwa cha marehemu mwanawe. Njia nzima hakusema neno.

Kisha njaa ikaingia. Mahindi tuliyoacha shambani yaliliwa na nyani, na ng'ombe tuliwapeleka kwa mjomba kule Lingeka kwa sababu kijijini hapakuwa na malisho. Maziwa yakakatika siku moja, hivihivi. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, mchana na jioni, kwa mlenda wa chumvi tupu.

Mwezi wa tisa ulipoanza, mtoto wangu alikuwa na miaka mitano na miguu imevimba. Nywele zilikuwa nyekundu na nyepesi, nikizishika zinabaki mkononi. Hakulia tena. Mama yeyote anajua kwamba mtoto anayelia ana nguvu, anayetisha ni yule aliyenyamaza akitazama ukuta. Nikambeba mgongoni mpaka Somanda, kwa muuguzi mmoja aliyeitwa Felisita, mwanamke wa maneno machache. Alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

"Huyu hana ugonjwa wa kuchomwa sindano," aliniambia. "Anataka maziwa, maharage, nyama, samaki. Hasa samaki, maana ndiye unayeweza kumpata. Mkaushe, umtwange, umtie kwenye uji kila siku. Usipofanya hivyo, mwezi huu hataumaliza."

"Kwetu samaki wanaopatikana ni kambare tu," nikasema.

"Kambare ana kosa gani?"

Nikamfunga mtoto mgongoni. Nilirudi njia nzima nikifanya ugomvi na mama mkwe ndani ya kichwa changu, na katika ugomvi huo nilishinda kila mara. Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta amelala chini kando ya mkeka wa mtoto, anamfukuzia nzi kwa kanga yake, nikakosa ujasiri. Kesho yake nikamwambia naenda kutafuta kuni. Nikachukua tenga nikaenda lamboni.

Lambo lilikuwa limekauka, limebaki tope katikati na maji ya kufika magotini. Nilikuta wanawake wengine kumi wa vijiji vya karibu, wameshaingia. Kambare wa kiangazi havuliwi kwa ndoano. Unakanyaga tope polepole, unamsikia kwa nyayo, analala chini ametulia, kisha unamfunika kwa tenga na kumwingizia mkono kwa juu. Unamkaba nyuma ya kichwa, ukijihadhari na miiba yake miwili ya ubavuni, maana ikikuchoma mkono unauma mpaka kwapani. Nilipata watatu. Walikuwa weusi, wakubwa, ndevu zinatikisika, wanahema nje ya maji kama watu. Nikawapaka majivu kuwatoa utelezi, nikawapasua palepale huku nimefumba macho. Nilikuwa naogopa nitakachokikuta matumboni. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita tangu Salu afe, lakini niliogopa.

Niliwakausha kwa moshi kwa rafiki yangu Apolonia, mstari wa pili, kila mmoja amekunjwa mkia kinywani. Nikawatwanga hukohuko mpaka wakawa unga, nikauweka kwenye kopo na kulichomeka darini.

"Ni nini hiyo?" mama mkwe aliuliza nilipokuwa nakoroga uji.

"Dawa ya Somanda, Mama."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Basi mpe."

Mtoto akapona. Wiki ya pili uvimbe ulishuka, ya tatu akawa anasimama, ya nne akaanza kudai chakula kwa kelele kama zamani. Nilikuwa nalia nikimsikia, furaha ilinizidi. Nikarudi lamboni mara ya pili na ya tatu. Hakuna aliyejua isipokuwa Apolonia.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani. Mtoto akatoka ndani, akasimama mlangoni akijikuna tumbo, akaniambia, "Shemeji, nina njaa."

Alisema Kisukuma, lakini maana yake ni hiyohiyo, neno ambalo mdogo wa mume humwitia mke wa kaka yake. Nilicheka. Nikafikiri amelisikia kwa vijana. Nikamwambia, "Mimi ni Mayu wako, we kichwa ngumu." Akanitazama vizuri, kwa adabu, kama mtu anayemwangalia mgeni anayekosea njia. Akasema, "Mayu yuko ndani." Mhoja ndiye aliyekuwa ndani.

Tangu siku hiyo hakuniita mama tena. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamnyima uji mpaka aseme, hakusema. Kwa Mhoja alikuwa haondoki. "Mayu, nikune mgongo. Mayu, kile kibuyu changu kiko wapi?" Na kibuyu kilikuwa kimefungwa ndani ya kitambaa kwenye tandiko la bibi, hakuna mtoto aliyewahi kukiona. Mama mkwe alikifungua, akampa maji.

Jamani, mama mkwe wangu alirudi ujana. Yule aliyekuwa haongei tangu lori akaanza kuimba akisaga. Akawa anaamka kabla yangu, anamchemshia mtoto maji, anamtoa tongotongo. Nikipita, ananyamaza kwa furaha ya aibu, kama msichana aliyekutwa na barua. Mimi nilikaa jikoni nikiwatazama na wivu unanichoma. Mtoto nimembeba mimi, nimemzaa mimi, nikamtoa kaburini kwa mikono yangu, sasa mimi ni shemeji. Chini ya wivu kulikuwa na hofu, maana mimi peke yangu nilijua nilichokuwa namlisha.

Nikaacha kumpa unga. Nikauficha, nikasema dawa imekwisha. Siku ya tano miguu ilianza tena kujaa maji. Siku ya saba akalala akitazama ukuta. Lakini siku hiyo ya saba, nilipomgeuza, aliniita Mayu, kwa sauti ndogo sana.

Hapo ndipo niliposhikwa. Nikimpa unga ataishi awe mtoto wa mwingine. Nisipompa atakufa akiwa wangu. Nilikaa na kopo mapajani mpaka ugali ukaungua. Kisha nikachota vijiko viwili, nikakoroga uji, nikampa. Baada ya siku tatu nilikuwa shemeji tena.

Mume wangu alikuwa anaona haya yote na hasemi. Mahona ni mtu wa kimya, lakini kimya chake siku hizo kilikuwa cha mtu anayejificha. Mtoto akimsogelea, anapata kazi ya kufanya mbali. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa shamba la ujamaa, upande wa kuelekea lamboni, watu wote, tunachoma mabua na kutengeneza matuta tukingoja mvua. Mtoto aliketi pembeni ya mstari wetu akichezea udongo. Ghafla akasema, bila hasira, kama anayekumbusha:

"Kaka, ulisema utanishika mguu."

Jembe la Mahona likabaki juu. Nilimwona usoni, alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akaliweka jembe chini polepole, akatembea mpaka mwisho wa shamba, akakaa amewapa watu wote mgongo. Mwenyekiti wa kijiji alimpigia kelele kwamba kazi haijaisha. Hakusikia.

Nikamfuata. "Mguu gani?" nikauliza.

Aliokota bua, akalivunja vipande. Kisha akaniambia mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu. Kwenye ukuta wa lambo, upande wa mto, kulikuwa na shimo ambamo kambare wakubwa hujificha. Watoto walikuwa wakiwavua kwa kuingia kichwa mbele, mmoja anatambaa ndani mpaka kiunoni, mwenzake anamshika miguu ili amvute akitingisha kidole cha mguu. Siku ile Salu aliingia. Mahona alikuwa anamshika. Ndama wakaingia kwenye pamba ya jirani, na Mahona aliogopa fimbo ya baba yake, akamwachia mdogo wake, akakimbia kuwatoa. Alisema alichukua muda mfupi tu. Aliporudi ukingo ulikuwa umebomoka na shimo halionekani. Nyumbani akasema Salu alikwenda kuoga peke yake.

"Miaka kumi na minane," alisema. "Nani amemwambia huyu mtoto?"

Nami nikamwambia langu, la unga. Tulikaa pale mimi na mume wangu, waongo wawili wa nyumba moja. Wala hatukuweza kulaumiana.

Tulipogeuka, mtoto hakuwepo kwenye mstari. Wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa, jeusi mpaka chini, na upepo wenye harufu ya udongo uliolowa ulishafika. Watu walikuwa wanakusanya majembe wakishangilia, mvua ya kwanza ya mwaka. Nilimwita mpaka koo likauma. Mahona hakuita. Alishaanza kukimbia, na mimi nilijua anakokimbilia.

Mvua ilitukuta katikati ya njia. Ilikuwa mvua ya mchana, kubwa, ya kupiga uso. Tulipokaribia mahame yetu nilihisi kitu kimegusa kifundo cha mguu, nikatazama chini. Kambare. Walikuwa wanatoka lamboni, wanapanda kwenye nyasi zilizolowa, wanajisukuma kwa miiba yao ya ubavuni, huku na huku, wadogo na wakubwa. Nimekulia na kambare, najua kwamba mvua ya kwanza huwatoa wakitafuta maji mapya. Kila mtu kwetu anajua. Lakini siku hiyo walikuwa wanapanda njia yetu, wanaelekea tulikohamia, na mimi nikapiga kelele mpaka nikakosa pumzi.

Mahona aliwaruka akashuka ukingoni. Mtoto alikuwa pale. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope chini ya ukuta, kichwa, mabega na kifua viko ndani ya shimo lililofunguka tena, na maji ya mvua yanateremka ukutani yanaingia humohumo. Tuliiona miguu tu. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kilikuwa kinatingishika.

Mume wangu alijitupa chini akaishika miguu yote miwili. Udongo wa juu ukaanza kumeguka, vipande vikubwa vikamwangukia mgongoni. Nilimwambia avute, akawa anavuta, na yule mtoto mdogo alikuwa mzito ajabu, kama kuna mtu ndani anayemvuta pia. Mahona alikuwa analia kwa sauti, anasema jina, Salu, Salu, na sijui alikuwa anamwita yupi. Kisha akatoka mwili mzima, na ukuta ukashuka nyuma yake.

Alitema tope. Akafumbua macho, akamtazama baba yake.

"Leo hukuniachia," akasema.

Akalala palepale mikononi mwake.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni tulipofika, tumelowa, tope mpaka kwenye nywele. Mahona hakungoja hata kuvua shati. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamweleza yote, shimo, miguu, ndama, fimbo ya baba. Mhoja alisikiliza amemshika kichwa kwa mikono miwili. Hakulia, wala hakumlaani. Alipomaliza akamwambia, "Ulikuwa na miaka kumi, ng'wana wane, mwanangu." Basi. Akamwinua.

Kisha akanigeukia mimi. "Lete hilo kopo lako la dawa."

Nikalileta. "Mama, nisamehe, ni..."

"Nimepika kambare kabla hujazaliwa, Nyanjige. Unadhani pua yangu niliiacha kule kwetu kwa zamani? Nilijua tangu siku ya kwanza." Akakaa chini. "Nikanyamaza kwa sababu mtoto alikuwa anapona. Baadaye nikanyamaza kwa sababu alikuwa ananiita Mayu. Hilo la pili ndilo nililokosea. Nilikuwa naona unavyokonda, na bado nikanyamaza."

Kwa tambiko tunatumia unga wa mtama na maji. Mtama haukuwepo kijiji kizima. Kulikuwa na unga wa njano wa msaada, na huo alisema marehemu hawaufahamu, hawatajua unatoka kwa nani. Akachukua kile kibuyu kidogo cha Salu, akatia maji, akatia unga wa kambare, akakoroga kwa kidole. Akapaka kidogo kwenye paji la uso la mtoto aliyelala. Akanyunyiza kwa mdomo upande wa mawio na upande wa machweo. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na mtoto aliye uani:

"Salu, umemlea mtoto wa kaka yako. Amekula, amepona, kaka yako amekushika mguu. Nimekuona, mwanangu. Walininyima nisikuone lakini nimekuona, umekaa kwangu siku nyingi, nimekuosha na uso. Inatosha. Jina lako nalichukua mimi, nitakaa nalo. Huyu mtoto tangu leo ni Luhaga, jina la babu yake. Wewe nenda ukapumzike."

Akanywa kilichobaki, chote. Miaka kumi na minane hakuwa amegusa kambare, na nilimwona anavyomeza, taratibu, funda baada ya funda, koo linapanda na kushuka. Alipomaliza akafuta ndani ya kibuyu kwa kidole, akalamba kidole. Mahona alitoka nje. Mimi nilibaki kando ya mtoto.

Usiku ule Mhoja alimlaza mtoto kwangu. Asubuhi niliamshwa na mkono mdogo unanivuta sikio.

"Mayu, nina njaa."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi kuliko siku niliyomzaa, na furaha hiyo nimeionea aibu mpaka leo, kwa sababu mama mkwe alikuwa macho upande wa pili wa chumba, ameketi kwenye tandiko lake, kibuyu mapajani, anatusikia.

Mtoto akashuka, akaenda akasimama mbele yake. Akamwamkia kama anavyofundishwa kila mtoto, "Mwangaluka, Bibi."

Mhoja alikuwa anamtazama usoni, anatafuta.

"Bibi," mtoto akarudia, "mwangaluka."

"Mwangaluka, Luhaga," alisema Mhoja. Kisha akakifunga kibuyu ndani ya kitambaa chake, akainuka kwenda kuwasha moto.